Jina Limefika, Mzigo Bado Uko Njiani

SOMO LA TANO: Kutuma kazi za sanaa kwa njia ya wingu la mtandao

(Maneno haya yalisomwa redioni kwa ajili ya vikundi vya elimu ya watu wazima vya Musoma, Bunda na Butiama. Yamepigwa chapa ili kikundi kiyasome tena baada ya kipindi, na ili yule ambaye hakusikia naye apate faida.)

Mwenyekiti wa kikundi, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu anasikia vizuri. Katibu, shika kalamu na karatasi, maana leo tutapiga hesabu. Msiogope. Ni hesabu za kuzidisha na kugawanya tu, kama zile za kugawana fedha za pamba.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowaudhi watu wengi wa mkoa wetu ambao kazi yao ni sanaa. Nina maana ya wapiga picha za harusi, wanakwaya, watunzi wa nyimbo, wachoraji wa mabango na waandishi. Mtu amefanya kazi yake vizuri mchana kutwa. Jioni anataka kumpelekea mwenzake aliye mji mwingine ili naye aimalizie. Anaiweka katika wingu la mtandao. Kisha anakaa. Anatazama kistari kinachoonyesha mwendo wa kazi. Kistari kinasogea kidogo, kinasimama. Anakwenda kula, anarudi, kistari kiko pale pale. Anazima kompyuta kwa hasira na kuiwasha tena. Asubuhi mteja anapiga simu na kuuliza, "Video yangu iko wapi?"

Je, wewe hujapata kufikwa na jambo hili? Wengi watajibu kwamba limewafika. Basi leo tutajifunza kwa nini mzigo huchelewa, hasara gani huweza kutokea tukikosa uangalifu, na mambo gani yaliyo katika uwezo wetu.

WINGU NI KITU GANI?

Kwanza tulielewe jina lenyewe. Tukisema "wingu" hatuna maana ya wingu la mvua lililo juu ya Ziwa Viktoria. Wingu la mtandao ni kompyuta kubwa za watu wengine, zilizo katika majengo maalumu, mara nyingi katika nchi za mbali. Wewe unapewa nafasi ndani ya kompyuta hizo, kama mtu anayepanga chumba katika ghala la mwingine.

Kisha kuna kazi iitwayo kusawazisha. Kusawazisha maana yake ni hivi. Unayo folda katika kompyuta yako ya Musoma. Mwenzako anayo folda ya jina lilo hilo katika kompyuta yake ya Bunda. Ukiweka faili katika folda yako, programu hulipandisha kwenye wingu, kisha hulishusha katika folda ya mwenzako. Ukibadilisha, nalo hubadilika kwake. Ukilifuta, nalo hufutika kwake. Folda zote mbili hutakiwa kuwa sawasawa, na ndiyo maana ikaitwa kusawazisha.

Shika sana neno hilo: ukilifuta, nalo hufutika kwake. Tutalirudia baadaye.

HESABU YA MZIGO NA NJIA

Sasa, Ndugu Katibu, andika.

Mzigo wa kompyuta hupimwa kwa baiti. Megabaiti moja ni baiti milioni moja, na gigabaiti moja ni megabaiti 1,000. Lakini njia ya mtandao haipimwi kwa baiti. Hupimwa kwa biti, na baiti moja ni biti 8. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu anaambiwa kwamba njia yake inapitisha megabiti 8 kwa sekunde, naye anadhani ni megabaiti 8. Sivyo. Ni megabaiti 1 tu.

Jambo la pili ni hili. Njia ya mtandao ina pande mbili, wa kushusha na wa kupandisha. Watu wengi hushusha: hutazama video, husikiliza nyimbo, husoma habari. Kwa sababu hiyo makampuni ya simu hutoa sehemu kubwa ya njia kwa kushusha, na sehemu ndogo kwa kupandisha. Ni kama barabara pana ya kuingilia kijijini, na kijia cha miguu cha kutokea. Anayenunua sukari haoni taabu. Taabu humpata anayetaka kutoa marobota ya pamba. Basi wewe msanii ndiwe mwenye marobota. Usiridhike na mtu anayekuambia, "Mbona mtandao ni mzuri, natazama mpira bila kukwama?" Yeye anashusha, wewe unapandisha.

Haya, tupige hesabu. Tuseme kamera yako inarekodi picha kwa megabiti 50 kila sekunde, kama zifanyavyo kamera nyingi za kazi. Zidisha kwa sekunde 60, kisha gawanya kwa 8. Utapata megabaiti 375 kwa dakika moja. Zidisha tena kwa dakika 60. Utapata gigabaiti 22 na nusu kwa saa moja ya harusi.

Sasa tuseme njia yako ya kupandisha ni megabiti 2 kwa sekunde. Hesabu yake ni fupi. Mzigo ni 50, njia ni 2. Gawanya 50 kwa 2, unapata 25. Kila saa moja uliyorekodi itahitaji saa 25 kupanda. Na hayo ni kama umeme haukukatika, na njia haikupungua hata mara moja. Harusi ya saa tatu itakuchukua saa 75, yaani siku tatu na zaidi, usiku na mchana.

Unaona sasa? Kompyuta yako haijarogwa. Wala kijana wako wa studio si mvivu. Mzigo ni mkubwa na njia ni nyembamba. Ungeipiga hesabu hii kabla, usingemwahidi mteja kesho asubuhi.

Tuendelee kidogo. Sauti peke yake, yenye ubora ule wa sidii, huchukua megabiti 1.4 hivi kwa sekunde. Katika njia ile ile ya megabiti 2, saa moja ya kwaya itapanda kwa dakika 42. Na maandishi? Shairi zima halifiki hata sekunde moja. Basi kumbe si kila kazi ya sanaa ina taabu. Mwandishi hana taabu, mwanakwaya ana taabu ndogo, na mpiga picha za video ana taabu kubwa.

MAMBO MENGINE YANAYOCHELEWESHA

La kwanza ni wakati. Wote mnajua siku ya kuuza pamba inavyokuwa watu wote wakifika kwenye mizani saa moja. Mnara wa simu ni hivyo hivyo. Jioni watu wametoka kazini, kila mtu anafungua simu, nao wote wanagawana njia ya mnara mmoja. Alfajiri watu wamelala, na njia ni nyeupe.

La pili ni wingi wa vitu vidogo. Programu za kuhariri picha na sauti hutengeneza mafaili madogo madogo mengi, pengine maelfu, kwa ajili ya kazi yao ya ndani. Kila faili linapopanda huwa na salamu zake na wingu: hodi, karibu, nimeleta hiki, nimepokea. Faili elfu moja lina salamu elfu moja. Hakuna mvuvi wa Mwigobero anayebeba dagaa mmoja mmoja kutoka mtumbwini hadi mwaloni, huwatia ndooni. Nawe fungasha mafaili yako madogo katika kifurushi kimoja kabla ya kuyatuma.

La tatu ni kubadilisha kitu wakati kinapanda. Mtu anahariri ndani ya folda inayosawazishwa. Kila akihifadhi, programu inaanza kupandisha upya. Huduma nyingine zina akili kidogo. Dropbox, kwa mfano, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2008, hukata faili kubwa vipande vya megabaiti 4, na ukibadilisha mahali hupeleka vipande vilivyobadilika tu. Lakini video iliyotolewa upya kutoka katika programu ya kuhariri hubadilika karibu yote, hata kama umesahihisha jina moja la bwana harusi. Basi itapanda yote tena, na bando lako litaliwa mara ya pili.

La nne liko mbali nasi. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Tanzania kwenda nchi za nje ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na nzito. Julai mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, unaolala chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Ni maendeleo makubwa. Lakini mkongo nao hukatika. Jumapili tarehe 12 Mei mwaka 2024, mikongo yote hiyo miwili iliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania mojawapo. Kijana wa Musoma aliyekuwa akipandisha kazi yake siku hiyo angeweza kubadilisha laini mara kumi bila kujua kwamba shida iko baharini, maelfu ya kilomita kutoka kwake.

HABARI YA NYIMBO TISA

Sasa nitawaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe. Silielezi ili kumlaumu mtu. Nalieleza ili lisikupate wewe.

Miaka michache iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulikwenda katika kijiji kimoja cha Butiama kumrekodi mzee mmoja mpiga litungu. Mnajua ala hiyo ya nyuzi inavyopendwa na Wakurya. Mzee alikuwa na umri mkubwa, lakini vidole vyake vilikuwa bado vyepesi. Alitupigia nyimbo tisa, toka asubuhi mpaka jua lilipokuwa utosini. Mjukuu wake aliketi karibu naye, akitufafanulia maneno. Tulimshukuru mzee, tukamwahidi kwamba tutamletea nakala ajisikie mwenyewe.

Jioni ile tukarudi Musoma. Mwenzetu mmoja, ambaye ndiye mwenye kamera, alinakili nyimbo zote tisa katika kompyuta yake, katika folda inayosawazishwa. Mwenzetu wa pili alikuwa Bunda, naye ndiye mhariri. Usiku folda ikaanza kupanda.

Siku ya pili asubuhi mhariri alifungua kompyuta yake. Akaiona folda ya mzee. Akapiga simu Musoma, akasema, "Ndugu yangu, folda imefika."

Kauli yake ilikuwa ya kweli. Folda ilikuwa imefika. Ndani yake zilikuwamo nyimbo nne. Tano zilikuwa bado Musoma, zinangoja zamu yao. Lakini yeye hakuhesabu, wala mwenzake hakumwuliza, "Umeona ngapi?"

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi kulikuwa na harusi. Yule wa Musoma alihitaji kadi ya kamera, akaifuta. Alihitaji na nafasi katika kompyuta yake, maana ilikuwa imejaa, akaifuta folda ya mzee. Alijiambia moyoni, "Iko Bunda, tena iko katika wingu. Hakuna neno."

Sasa kumbukeni lile neno nililowaambia mlishike. Ukilifuta kwako, hufutika kwa mwenzako. Folda ya Bunda nayo ikatoweka.

Jumatatu tukaanza kutafuta. Huduma nyingi za wingu zina pipa la takataka, ambamo vitu vilivyofutwa hukaa kwa muda kabla ya kutupwa kabisa. Tulizikuta humo nyimbo nne, tukazirudisha. Zile tano hazikuwamo, kwa kuwa hazikupata kufika katika wingu hata siku moja. Na kadi ya kamera ilikwisha kurekodiwa harusi juu yake.

Tulirudi Butiama kumwona mzee. Ni vigumu kumwambia mtu mzima kwamba kazi ya mikono yake imepotea kwa sababu hukuhesabu mpaka tisa. Alitusikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mjukuu amletee litungu. Akatupigia tena nyimbo tatu. Mbili zilizobaki alizijaribu, akaacha. Akasema mkono haukubali tena.

Safari hii tulinakili mara tatu kabla ya kuondoka pale uani. Tulimpelekea nakala, akajisikia. Kabla ya mavuno yaliyofuata mzee alifariki. Nyimbo saba ziko. Mbili hakuna anayezijua zote; mjukuu anakumbuka mistari michache tu.

Angalieni, ndugu zangu. Hapana mtu aliyesema uwongo katika habari hii. Mtandao nao haukuharibika. Ulikuwa ukifanya kazi yake polepole, kama kawaida yake. Kila mmoja wetu aliona nusu ya jambo akaidhani ni yote. Hasira ya kungoja ndiyo iliyotufanya tutamani kusikia neno "imefika", na tulipolisikia hatukuuliza zaidi.

SASA TUFANYE NINI?

Hatuwezi kupanua mkongo wa baharini kwa mikono yetu. Lakini yako mambo yaliyo katika uwezo wa kila mmoja wetu. Katibu, yaandike moja moja.

Jambo la kwanza. Ipime njia yako. Ziko programu za bure za kupima mwendo wa mtandao. Pima alfajiri, pima mchana, pima saa mbili usiku. Usiandike tarakimu ya kushusha. Andika ile ya kupandisha. Kisha piga hesabu kama tulivyofanya, nawe utajua mzigo wako utachukua saa ngapi. Mteja mwambie saa hizo za kweli. Afadhali ahadi ya siku tano inayotimizwa kuliko ahadi ya kesho inayovunjwa.

Jambo la pili. Tanguliza mzigo mwepesi. Maandishi kwanza, sauti ya pili, picha nyepesi ya tatu. Picha nyepesi ni nakala ya video iliyopunguzwa ukubwa. Ukiipunguza toka megabiti 50 mpaka 2, saa moja ya video itapanda kwa saa moja badala ya saa 25. Mhariri wa Bunda atakata na kupanga kwa kutumia nakala hiyo nyepesi. Akimaliza atakurudishia faili la mpango wake tu, nalo ni dogo sana. Wewe utaliunganisha na picha kamili zilizo kwako Musoma. Programu nyingi za kuhariri zinaweza kazi hiyo. Kwa njia hiyo picha nzito hazisafiri kabisa.

Jambo la tatu. Mzigo mzito upande basi. Msicheke. Toka Bunda hadi Musoma kwa basi ni safari isiyofika saa mbili, na toka Butiama ni karibu zaidi. Diski ya gigabaiti 1,000 hutosha mfukoni mwa koti. Gawanya mzigo huo kwa saa mbili, utaona kwamba basi limepitisha megabiti zaidi ya 1,000 kila sekunde. Hakuna mnara wa simu hapa kwetu utakaokupa njia kama hiyo ya kupandishia. Lakini mpe diski mtu unayemjua, iwe imefungwa vizuri isipate maji wala vumbi, na nakala ya pili ibaki kwako mpaka mwenzako aseme amefungua na kuona yote.

Jambo la nne. Usifanyie kazi ndani ya folda inayosawazishwa. Hariri katika folda ya kawaida. Kazi ikiwa tayari, ndipo uihamishe nakala yake katika folda ya wingu, jioni kabla ya kulala, ipande usiku. Na yale mafaili madogo ya kazi za ndani usiyapandishe kabisa; programu itayatengeneza upya yenyewe.

Jambo la tano. Hesabu kabla ya kufuta. Usiulize, "Imefika?" Uliza, "Yamefika mafaili mangapi, na ukubwa wake ni gigabaiti ngapi?" Mwenzako asome tarakimu, nawe usome zako. Zikilingana, mwambie afungue faili la mwisho alisikilize mpaka mwisho. Tena itazameni ile alama ndogo iliyo kando ya jina. Katika huduma nyingi, alama ya wingu ina maana kwamba jina liko hapa lakini mzigo uko mbali. Alama ya vema ya kijani ina maana kwamba mzigo uko ndani ya kompyuta yako.

Jambo la sita. Kusawazisha si kuweka akiba. Folda mbili zinazosawazishwa ni kama kitu kimoja, kwa kuwa ukifuta hapa umefuta na pale. Akiba ni nakala ambayo haiguswi na mkono wako unapofuta. Iweke katika diski nyingine, tena katika nyumba nyingine ikiwezekana. Wahenga walisema akiba haiozi.

JUU YA MAJINA YA MAFAILI

Limebaki jambo moja dogo, lakini huleta ugomvi mwingi. Mtandao ukiwa wa polepole, hutokea watu wawili kubadilisha faili moja kabla halijasawazishwa. Hapo huzaliwa mafaili mawili yanayofanana jina, na hamjui lipi ni la mwisho.

Tumtazame jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere. Alipokuwa akiongoza nchi alipata pia wakati wa kutafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili. Mwaka 1963 tafsiri yake ilitoka kwa jina la Julius Caezar. Baadaye akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu akivishika vitabu hivyo viwili leo hapati taabu. Jina ni tofauti na mwaka umepigwa chapa. Anajua kipi kilitangulia na kipi ndicho kilichosahihishwa.

Nawe fanya hivyo hivyo. Usiliite faili lako "wimbo mpya", kisha "wimbo mpya kabisa", kisha "wimbo mpya wa mwisho kweli". Andika jina la kazi, mwaka, mwezi na tarehe, na herufi za mtu aliyelibadilisha. Na mkubaliane: leo faili liko mikononi mwa nani? Mwingine asiliguse mpaka aambiwe.

MWISHO

Ndugu wasikilizaji, kabla ya kuagana nataka niwakumbushe jirani mwingine. Ukisimama Kisorya, upande wa Bunda, unakiona kisiwa cha Ukerewe. Huko aliishi Mzee Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapaji. Alingoja. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja tena. Kitabu kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata, 1981, Mzee Kitereza alifariki, kabla nakala zilizochapwa hazijamfikia mkononi.

Sisemi kwamba kuchelewa ni jambo jema. Mzee yule alistahili kukishika kitabu chake. Lakini sisi leo tunakisoma, kwa sababu moja: katika miaka yote ile ya kungoja, maandishi yake yalitunzwa. Nyimbo mbili za mzee wetu wa litungu hazikungoja hata siku nne.

Basi ukiona kistari kimesimama, usikasirike ukafuta. Piga hesabu, chagua njia, tunza nakala, uhesabu mpaka mwisho.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Kamera yenu inarekodi megabiti 24 kwa sekunde, na njia yenu ya kupandisha ni megabiti 3. Saa moja ya video itapanda kwa saa ngapi? (Jibu: saa 8.)

2. Katika kijiji chenu, nani ana nyimbo, hadithi au picha ambazo ziko mahali pamoja tu? Zikipotea leo, nani mwingine anazo?

3. Kama mngekuwa sisi, siku ile ya Ijumaa mngeuliza swali gani kabla ya kufuta kadi?

4. Mizigo ipi ya kikundi chenu yafaa kupanda wingu, na ipi yafaa kupanda basi?

Kazi ya juma hili: kila kikundi kichague kazi moja ya mzee au bibi mmoja wa hapo kijijini, kiinakili mara mbili, na kuiweka katika nyumba mbili tofauti. Msingoje mpaka mtandao uwe mzuri. Katika somo lijalo tutajifunza namna ya kurekodi sauti safi mahali penye upepo wa ziwa.

Mpaka hapo, ndugu zangu, kwaherini.